Mchango Hakuna

Mikoroshini, Kilwa
Jumanne, 10 Januari 1995

Bahasha imefika kutoka Nangurukuru, imelowa pembe moja. Ndani mna jarida la kitabibu la Kiingereza, karatasi nene inayong'aa, na kipande cha karatasi: "Kwa Mwalimu Benadetha Likwata, kwa shukrani. Restuta." Ni yule daktari aliyekaa kwangu msimu wa korosho wa mwaka juzi, akizunguka Mikoroshini na vijiji vya njia ya Pande kuwauliza wanawake kwa nini wanazalia nyumbani. Binti mpole, anakula kila anachopewa, anaandika kila anachoambiwa. Nilimpenda. Ndiyo maana nina hasira.

Makala yake nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Anasema kinachowazuia akina mama wa pwani yetu kujifungulia zahanati ni imani yao juu ya ugonjwa uitwao mchango. Wengi aliowahoji walimjibu kwa neno hilo hilo: mchango. Naye, kwa kuwa alikuja amejiandaa, amesoma kila kilichoandikwa kuhusu tiba za pwani, alijua mchango ni nini. Ni yale maumivu ya chini ya kitovu yanayosemwa kuwa hufunga uzazi na kuharibu mimba, na dawa yake ni mizizi. Akajaza kurasa.

Ni kweli mchango huo upo, na Bi Somoe, jirani yangu, anautibu. Lakini wanawake hawakuwa wanausema huo! Walikuwa wanausema mchango wa zahanati: mafuta ya taa, glavu, wembe mpya na ndoo ya maji, vitu ambavyo kamati imekuwa ikividai kwa kila mzazi tangu tulipoambiwa kwamba zama za bure zimekwisha. Bila mchango hupokelewi. Kila mtu hapa anajua. Daktari hakujua, kwa sababu alikuwa anajua mno.

Katikati ya makala nikakutana na sauti ninayoifahamu. "Mchango ndio ulioniulia mtoto wangu," kasema mama mmoja kijana. Daktari anafafanua chini yake kwamba kauli hii inaonyesha imani hiyo ilivyozama. Jina hakulitaja. Mimi namjua. Ni Sauda, mke wa Haruna seremala, ua wangu na wao ni mmoja. Masika ya mwaka juzi alifika zahanati na uchungu wake, mumewe akaambiwa akatafute mafuta ya taa. Mtoto hakungoja mafuta. Alitoka njiani, kitovu kimemzunguka shingo, hakulia. Na Sauda akavuja damu mpaka wazee wakaanza kumsomea Yasini.

Sasa ana mimba nyingine. Kwa hesabu ya Bi Somoe, ambaye ndiye mama mkwe wake, atajifungua mfungo pili, mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea na njia zimekatika. Macho yake ukiyafunua ndani ni meupe, damu hana. Akivuja tena kama vile, na iwe nyumbani, tutamzika. Sindano ya kuzuia damu iko zahanati, haiko kwenye mizizi.

Alhamisi, 12 Januari

Nimemsomea Sauda kauli yake. Alikuwa anatwanga.

"Kwa hiyo huko Ulaya wanajua mimi nina mchango?"

"Wanajua wewe ni mjinga," nikamwambia. "Na mimi mjinga, na kijiji kizima."

Alicheka, mchi ukamponyoka. Kisha akauokota akaendelea. "Mwalimu, wewe umechukia maneno. Mimi nimechukia mlango. Mlango ule sirudi. Nitazaa humu humu ndani, kwa mama."

"Na damu?"

"Damu ni ya Mungu."



Jumamosi, 14 Januari

Mvua. Paa linavuja juu ya vitabu.

Jumanne, 17 Januari

Nimekwenda kwa Mfaume, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, nikamkuta barazani anatengeneza redio. Nilikuwa nimepanga kuwa mstaarabu.

"Mwenyekiti, huo mchango wenu unaua."

"Mwalimu, karibu kwanza ukae."

"Sikuja kukaa."

"Serikali imesema wananchi tuchangie. Wewe unapinga serikali?"

"Mimi nakupinga wewe. Serikali iko mbali, siifikii."

Wazee waliokuwepo wakaangua kicheko, naye akacheka nao, maana si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Kisha akaniuliza: dawa zisipoletwa, mafuta yasipoletwa, glavu zisipoletwa, yeye afanye nini, afunge zahanati? Nikamwambia umeshaifunga, umebakiza kuitia kufuli. Akasema wewe mtu wa kuja, huko kwenu Makonde mnapenda ugomvi. Nimekaa hapa tangu nikiwa msichana, mwalimu wa elimu ya watu wazima, nimewafundisha nusu ya wanakamati wake kuandika majina yao, walionipunguza kazini nao hawakuniondoa hapa. Mtu wa kuja!

Enzi hizi za ruksa, kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza korosho kwa umtakaye, ruksa mitumba, ruksa vyama. Kuzaa tu ndiko kunakohitaji kibali cha Mfaume.

Jumamosi, 21 Januari

Barua kwa Restuta, huko Dar, imeondoka leo na gari la Nangurukuru. Sikumpaka asali. Nimemwandikia kwamba alikuja kwetu na jibu mfukoni akatafuta swali la kulivika. Nimemwandikia kwamba kosa likishajulikana, kila siku linayoachwa bila kusahihishwa linageuka uongo. Sentensi hiyo niliipenda, nikaipigia mstari.

Nyingine, kali zaidi, naiandaa kwa ajili ya gazeti.

Alhamisi, 26 Januari

Lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Leo zahanati imejaa wanawake kwa ajili ya semina. Amekuja afisa wa elimu ya afya kutoka wilayani, Bwana Sipriani, kijana wa bara mwenye viatu vizuri, na mkononi ana nakala ya makala ya Restuta! Imemfikia kabla hasira zangu hazijafika Dar. Nilikaa benchi la mbele na hotuba yangu kifuani, nikingoja amalize nimvae.

Alianza kwa upole. Kisha akapandisha sauti. "Akina mama, utafiti umeonyesha tatizo lenu ni moja. Mchango!"

Wanawake wakaguna wote. "Hiloo!" akasema mmoja nyuma. "Kumbe mmejua?"

Bwana Sipriani akafurahi, akaona leo kapata watu wanaomwelewa. "Sasa mimi nimetumwa kuwaambia. Kuanzia leo, mchango hakuna! Mtu akikwambia habari ya mchango, mkatae. Mchango ni imani potofu. Njooni mjifungue hapa, mikono mitupu, msiogope!"

Kwa "mikono mitupu" nadhani alikusudia wasije na mizizi.

Vigelegele! Nimehudhuria harusi, nimehudhuria uhuru, sijapata kusikia vigelegele vile. Wanawake walisimama juu ya mabenchi. Mmoja alitaka kumvisha khanga. Bwana Sipriani alikuwa anatoa machozi. Mfaume, mlangoni, alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kukisema, na nesi wetu, Sista Valeria, alikuwa anaangalia sakafu.

Nikasimama. Nilikuwa na haki ya kusimama. Nilitaka kusema: ndugu zangu, huyu hajui anachokisema, anasema juu ya maradhi. Mkono ukanivuta khanga kutoka nyuma.

"Kaa chini, Mwalimu," akasema Bi Somoe kwa sauti ya chini.

"Lakini Bi Somoe, hakumaanisha huo. Amemaanisha..."

"Najua alichomaanisha. Mganga wa mchango ni mimi, nitakosa kujua? Amenitukana mimi hapo. Kaa."

"Na wewe unanyamaza?"

"Nanyamaza. Na wewe nyamaza, angalau leo. Utasema kesho, midomo haitakuwa imeota kutu."

Nikakaa. Mbele ya watu wote, mimi, nikiwa na hoja mkononi, nikakaa.

Jumatatu, 30 Januari

Siku ya kliniki. Mwanamke wa kwanza kafika na uchungu na khanga mbili, basi. Mfaume akauliza mchango. Waliokuwa kwenye foleni wakamjibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "Mchango hakuna!" Akasema hapana, afisa alisema juu ya ugonjwa. Wakamwambia alete afisa. Afisa alishapanda gari lake. Sista Valeria akampokea mama, na saa sita hivi mtoto wa kiume alikuwa kwenye mizani.

Barua ya gazetini nimeitia uvunguni. Nikiichapisha, nitakuwa nimesema ukweli na kuufunga mlango kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeandika maisha yangu yote dhidi ya watu wanaofaidika na ujinga wa wengine. Leo ninaufaidi ujinga wa Bwana Sipriani, na sijui niketi wapi.

Ijumaa, 3 Februari

Ramadhani. Kijiji kimetulia mchana. Mimi sifungi, ila kahawa nanywea ndani.

Jumatano, 8 Februari

Nimeng'oa magugu yote ya ua, na ya kwa Haruna, na ya njiani. Sauda ananiangalia: "Mwalimu, unatafuta nini humo?" Nimemwambia mlango sasa uko wazi, aende. Kasema mlango ulio wazi kwa wengine si lazima uwe wazi kwake.

Jumatatu, 13 Februari

Barua ile kwa Restuta! Naiwaza kila saa. Laiti ningeweza kuikimbilia nikairudisha, asije akasahihisha kitu kabla Sauda hajazaa.

Jumatatu, 20 Februari

Sista Valeria amekuja kwangu, na kwangu haji. Naye ni wa kutoka Makonde kama mimi, tunasali pamoja, lakini tangu kisa cha Sauda nilikuwa namsalimia kwa kichwa tu. Katika maandishi yangu nimemwita mlinzi wa lango. Nimemwita mengine pia.

Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono yake mbele yangu. Vidole vimechubuka.

"Umefurahi, Mwalimu?"

"Nimefurahi wanazaa ndani ya nyumba."

"Wanazaa. Glavu zimekwisha wiki ya pili. Ninazifua zile za zamani, nazianika kwenye michongoma, zimetoboka. Mafuta yamekwisha. Jana jioni nilimshona mama kwa kupapasa. Kuna maradhi siku hizi, unasoma magazeti, unayajua. Nashika damu ya watu kwa mikono mitupu, kama alivyosema bwana yule."

Nikamwambia adai wilayani. Akasema anadai tangu mwaka juzi, na majibu anayopata ni kwamba wananchi wachangie.

Nikamuuliza, kwa kuwa swali hili limeniwasha muda mrefu: "Sauda ulimfukuzia nini?"

Hakukasirika. "Sikumfukuza. Nilimtuma mumewe mafuta, nikamwambia yeye alale kitandani angoje. Chumba kilikuwa giza, siwezi kuuona hata mkono wangu. Nilipogeuka kuchota maji, hayupo. Aliona aibu kulala pale bila kitu, wenzake wamekuja na vyao. Mwalimu, ningemkimbilia wapi? Nilikuwa na mwingine anasukuma."

Alipoondoka nikatoa maandishi yangu nikafuta "mlinzi wa lango". Sikupata neno la kuweka mahali pake, nimeacha pengo.

Jumapili, 5 Machi

Idd imepita, tumekula kwa majirani mpaka tumechoka. Mvua kila siku. Sauda miguu imevimba.

Alhamisi, 9 Machi

Saa nne asubuhi, mvua inanyesha, mtu anapiga hodi. Restuta. Ametoka Nangurukuru kwenye lori la chumvi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Umeniita."

"Sikukuita. Nilikutukana."

"Kwako wewe ni kitu kimoja. Nilikaa hapa mwezi mzima, nakujua."

Nikampa khanga kavu na chai. Nilikuwa nimeandaa moyo wa kupambana na mtu mwenye kujitetea. Hakujitetea. Baada ya barua yangu alirudi kwenye kanda zake, akasikiliza tena mahojiano yote. Anasikia wanawake wanasema "mchango wa pale zahanati", halafu anasikia sauti yake mwenyewe inawakata: "Na unauma upande gani?" Wanawake wakaona haya kumbishia daktari, wakaonyesha upande.

"Nililia, kisha nikaandika masahihisho," akasema. "Jarida wameyakubali. Nikitoka hapa napitia wilayani nikawaambie kinywa kwa kinywa."

"Usiende," nikamwambia.

Akaniangalia. Nikamsimulia semina, vigelegele, mlango. Kwanza alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo kosa langu limefanya kazi ambayo makala sahihi isingeifanya."

"Ndiyo, na usijivunie. Ngoja Sauda azae, mwezi ujao tu. Baada ya hapo kasahihishe dunia nzima, na mimi nitakushikia kalamu."

Akafungua mkoba, akatoa barua yangu. "Nani aliandika kwamba kosa likishajulikana, kila siku linayoachwa linageuka uongo? Na mstari umepigwa."

Nilitaka kuichana. Nikamwambia niliandika kwa hasira. Akasema ilikuwa sahihi hata kwa hasira. Nikamwambia wewe utarudi Dar, sisi tutabaki na Mfaume. Tukafika mahali pa kupaza sauti, wanawake wawili watu wazima, mvua juu ya bati, hata hatukumwona Sauda amesimama mlangoni na tumbo lake.

"Mnaniamulia?"

Tukageuka kama wezi.

Akamgeukia Restuta. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba nilikuwa mgonjwa?"

"Ndiye mimi. Nisamehe."

"Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mzima, na mtoto wangu alikuwa mzima, anacheza. Nililala kitandani sina kitu, wenzangu wananitazama, nikatoka. Kaandike hivyo."

"Sauda," nikasema, "ikiandikwa hivyo, mchango unarudi. Na wewe hujajifungua."

"Mwalimu, kutwa unapiga kelele watu waambiwe ukweli. Zamu imefika kwangu, ndiyo usisemwe? Mwanangu amewekwa kitabuni kwa uongo, na ninyi mnataka akae humo humo?"

Nikamwomba angalau kitu kimoja: kama ukweli utasemwa, basi na yeye akubali kwenda zahanati. Akasema, "Hilo sijalisema," akazunguka ua akaenda zake.

Restuta amelala kwangu. Nimemwona anatandika kitanda changu bila kuombwa, na nimefikiri: huyu kapanda lori la chumvi masika kuja kukiri kosa mbele ya mwanamke wa kijijini. Katika watu wote niliowatukana kwa maandishi, na ni wengi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja.

Jumamosi, 11 Machi

Ameondoka. Wilayani atapita.

Jumapili, 19 Machi

Daraja dogo la njia ya Pande limekwenda na maji.

Jumatatu, 27 Machi

Limefika. Mfaume kasimama mbele ya foleni ya kliniki na tangazo la wilaya, anasoma kama khatibu: mchango uliosemwa kuwa hakuna ni ule wa imani za maradhi, uchangiaji wa huduma unaendelea kama kawaida.

Mwanamke mmoja mnene, simtaji, akasema kwa masikitiko makubwa: "Astaghfirullah, Mwenyekiti. Bado unaamini mambo ya mchango?"

Mwingine: "Elimu haijamfikia huyu."

"Unakuuma upande gani?"

"Mpelekeni kwa Bi Somoe akampe mizizi!"

Foleni yote ikalala chini kwa kicheko. Nilicheka nikashika ukuta. Mfaume hakucheka mara hii. Alingoja waishe, akasema: "Chekeni. Kesho Sista atazalisha kwa nini? Kwa vicheko?" Na hapo kicheko kikaanguka, kwa sababu Sista Valeria alikuwa amesimama nyuma yake na vidole vyake vile, na kila mtu aliviona.

Bi Somoe ndiye aliyejibu. "Mafuta tutaleta. Glavu tutatafuta Kilwa Masoko. Lakini mtoto alie kwanza ndipo tulete, kama watu wanavyoleta hongera. Mtu na uchungu wake asiulizwe kitu mlangoni."

"Mkishazaa mtaleta? Nani kawahi kumwona mtu analeta?" akasema Mfaume. "Ufunguo ni wa kamati." Akafunga kufuli kubwa kwenye mlango wa chumba cha kuzalia, akatia ufunguo mfukoni. Mwenye mchango ataufuata kwake.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kuandika gazetini. Niandike nini? Kwamba Mfaume mwongo? Si mwongo. Kwamba Bi Somoe kakosea? Hajakosea. Kwa umri wangu nimezoea ugomvi wenye upande mmoja wa haki, na ndio ninaoujua kuuandika.

Jumapili, 2 Aprili

Tumepita nyumba kwa nyumba, mimi na Bi Somoe, kuomba mafuta. Msimu huu watu hawana hata ya kuwashia koroboi zao. Tumepata chupa isiyojaa. Njia ya Masoko haipitiki, glavu hakuna. Nimemwomba Mfaume ufunguo kwa ajili ya Sauda, kasema akiutoa kwa mmoja ameutoa kwa wote.

Jumatano, 5 Aprili

Haruna anapiga randa kutwa.

Ijumaa, 14 Aprili, Ijumaa Kuu

Ni jioni.

Asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda kusali njia ya msalaba, Bi Somoe akaniita kwa kelele. Uchungu wa Sauda ulikuwa umeanza alfajiri. Nilimkuta mkekani, jasho, midomo haina rangi. Bi Somoe alimfunua jicho, akamfunua na la pili, akapangusa mikono yake kwenye khanga.

"Huyu simzalishi mimi," akasema. "Nimezalisha kijiji hiki, huyu simzalishi. Mpelekeni."

Sauda akashika mguu wa kitanda. "Mama, nilikwambia. Mlango ule sirudi."

"Mwanangu, hapa nitakufunika sanda."

"Nifunike."

Nilianza kusema, nina hoja nyingi, nikapiga magoti pale nikawa namwaga hoja kwa mtu mwenye uchungu. Haruna alikuwa amesimama kizingitini. Simjui kama msemaji. Alichukua bisibisi kwenye boksi lake la kazi, akatoka kwenye mvua anakimbia.

Nilidhani katukimbia. Nilimwita mwoga, Mungu anisamehe, kwa sauti, na mkewe anasikia.

Haikuchukua muda, akarudi kalowa chepechepe. Akachutama mbele ya mkewe.

"Twende," akasema.

"Mlango ule..."

"Hakuna mlango."

Sauda akamtazama, akanyoosha mikono abebwe.

Tulipofika nikaona. Mlango wa chumba cha kuzalia ulikuwa umeegemezwa ukutani chini ya upenu, umetolewa bawaba zote, na kufuli la Mfaume bado limefungwa barabara kwenye pete yake. Mahali pake palikuwa na uwazi mpana. Sauda alitaka kushushwa, akaingia kwa miguu yake, mikono mitupu.

Valeria alikuwa ameshachemsha maji. Glavu hana, na kidole chake kimoja kina kidonda. Akachukua mifuko ya rambo, ile ya dukani, akaivaa mikononi, nikamfunga kwa uzi kwenye vifundo. Akamwambia Sauda, "Safari hii sigeuki kuchota maji. Mwalimu atachota." Nikachota. Bi Somoe alishika mabega ya mkwewe kutoka nyuma, akimsomea sikioni. Wanawake wawili ambao nilidhani hawawezi kukaa chumba kimoja, mmoja anasema "sukuma", mwingine anasema "bismillahi".

Mtoto alitoka akiwa kimya. Valeria akampindua, akamsugua mgongo, akampuliza, na mifuko ile ya plastiki inachakarisha kama mvua nyingine. Kisha akalia. Sauda akauliza, "Nani huyo?" kana kwamba kuna mtu wa jirani amepita.

Na damu ikaja, kama tulivyoiogopa. Sindano ilikuwepo. Valeria akaichoma, akaweka ngumi tumboni mwa Sauda akaikandamiza, mpaka ikapungua, ikawa ya kawaida. Akaniambia niache kusali kwa sauti, nimsogezee bakuli.

Ndipo Mfaume akatokea, anatoka msikitini, kanzu kaipandisha kukwepa matope. Akauona mlango. Akalishika kufuli, akalitikisa, limefunga vizuri.

"Nani kang'oa mlango wa zahanati?"

"Mimi," akasema Haruna kutoka uani. "Niliutengeneza mimi."

"Na mchango wa huyu uko wapi?"

Bi Somoe akatoka na damu mpaka kwenye viwiko, akasimama kwenye uwazi. "Mchango wake ndio huo unalia, Mfaume. Wa kike. Unataka nikupe uende nao?"

Mfaume akasikiliza kilio kile kwa muda, kofia yake inalowa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli kwenye mlango ulioegemea ukuta, akalitia mfukoni pamoja na ufunguo wake.

"Haya, Haruna," akasema kwa sauti ya kuchoka. "Urudishe basi mlango mahali pake, mvua inaingia ndani."

Haruna akauinua. Valeria alikuwa ameinama kwa Sauda, sindano ya kushonea mkononi, na kwenye meza chupa yetu ya mafuta isiyojaa haijaguswa.

"Acha kwanza hivyo hivyo, Haruna," akasema bila kugeuka. "Napata mwanga."